Kopo Lisilolia

Ujumbe wa sauti wa Danieli kutoka Australia uliingia Mama akiwa katikati ya kichwa cha mteja. Aliusikiliza simu ikiwa imeegemea makopo ya mafuta ya nywele, vidole vyake vikiendelea kusuka, na ile sauti ya kizungu ikasema kwa Kiingereza cha polepole kwamba mama yake alilala mchana baada ya chakula na hakuamka, kwamba wameshamzika haraka kama desturi yao inavyotaka, na kwamba anatushukuru sisi watatu. Mama hakusimamisha mikono. Aliushusha ule msuko mpaka ncha, akaufunga, ndipo akamwambia mteja, "Samahani, dada, nipatie dakika." Akaingia nyuma kwenye beseni la kuoshea nywele, akafungua maji. Nilikuwa kwenye kiti cha kusubiri na vitabu vyangu vya matriki, mtihani wa kumaliza sekondari, mapajani. Nilijua analia kwa sababu maji yalitiririka muda mrefu na hakukuwa na kichwa chini yake.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa gredi ya tisa, na saluni hii ilikuwa imefungwa. Sitaandika sana kuhusu siku ile watu walipopita mtaani kwetu Albert Park, hapa Durban, wakipiga milango ya bati ya wageni kwa fimbo na mawe. Hawakuingia kwetu. Walipiga tu, wakapiga, na mdogo wangu Elie alikuwa ndani na Mama, chini ya beseni lilelile, na tangu hapo kelele yoyote ya ghafla ilimfanya azibe masikio kwa viganja na kuinamisha kichwa mpaka magotini. Kifuniko cha sufuria kikianguka, anaziba. Jirani akibamiza mlango wa lifti, anaziba, na hafungui mpaka moyo wake mwenyewe umruhusu. Alikuwa na miaka sita. Mama aliogopa kufungua tena saluni. Akapata kazi ya kumwangalia bibi mmoja Myahudi kule Umbilo, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kutuangalia sisi, tukitoka shule tulikwenda hukohuko.

Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nimejificha nyuma ya Mama kama mtoto mdogo, maana mimi ni mtu wa aibu, na nyumba za watu zinanitisha. Fleti ilikuwa na giza la mapazia mazito na harufu ya maganda ya machungwa yaliyokauka. Kwenye kochi alikaa bibi mwembamba, nywele nyeupe zimefungwa kwa kitambaa cha kitenge. Akatutazama mmoja mmoja. Halafu akasema, "Batoto, muko na njaa? Kuyeni, bukari iko mezani." Elie aliangua kicheko. Alikuwa hajawahi kusikia mzungu akisema Kiswahili cha Mama, kile cha Lubumbashi kabisa, tena akiita ugali bukari. Mama akatueleza baadaye: watu wa bibi huyu walitoka kisiwa kimoja mbali huko, wakafanya maduka ya vitambaa Lubumbashi, na yeye alizaliwa kule, akaolewa kule, akamzaa Danieli kule, wakaja Durban nchi ilipochafuka. "Kwa hiyo na yeye ni mkimbizi?" nikauliza. Mama akafikiri. "Ndiyo, lakini alikimbia na makochi yake." Jina lake lilikuwa Reina. Mama alimwita Mama Reina. Sisi alitukataza kumwita Madamu. "Mi ni Nona," alisema, na nona kwa lugha ya watu wake ni bibi, nyanya, mama wa mama.

Nilimpenda kwa sababu moja ambayo nilipokuja kuielewa iliniuma. Sauti yangu ni ndogo. Maisha yangu yote walimu wananiambia, "Sema juu, Solange." Mchungaji ananiambia sema juu. Merveille, jirani yetu, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa tangu azaliwe, ananiambia, "Eish, wewe unaongea na mbu?" Lakini Nona hakuwahi, hata siku moja, kuniomba nirudie. Nilimweleza mambo ya shule, ya msichana aliyenicheka, ya ndoto zangu, kwa ileile sauti yangu ya mbu, na yeye alinitazama usoni moja kwa moja na kujibu kila kitu. Nilifikiri nimempata mtu mwenye masikio ya kunisikia mimi. Kumbe Nona hakuwa anasikia mtu yeyote. Siku moja nilimwita kutoka nyuma akiwa dirishani, nikamwita tena, nikadondosha sahani kwa bahati mbaya ikavunjika, Elie akajikunja chini ya meza, na Nona akaendelea kutazama barabara kwa amani. Mama akanivuta jikoni. "Anasoma midomo," akaninong'oneza, ingawa hakukuwa na haja ya kunong'ona. "Ni muda mrefu sasa. Na wewe unyamaze. Danieli akijua, atauza hii fleti na kumpeleka kule Australia, kwenye nyumba ya wazee. Mama Reina amesema, akitoka hapa atakuwa maiti inayopumua. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Kwangu mimi kunyamaza si kazi.

Danieli aliandika kwamba anakuja kwa Purimu. Ni sikukuu yao ya mambo ya Esta, yule malkia wa kwenye Biblia, na Hamani aliyetaka kuwaua Wayahudi wote kwa siku moja. Kitabu kizima kinasomwa kwa sauti, na kila likitajwa jina la Hamani watoto wanapiga kelele kulifuta, wanagonga, wanakanyaga, wanatikisa makopo, na msomaji anangoja mpaka kelele iishe ndipo aendelee, kwa sababu kila neno linalobaki ni lazima lisikike. Ni lazima lisikike: hilo ndilo lililomkosesha Mama usingizi. Danieli alikuwa ameshaanza kushuku kwa sababu ya simu ambazo hazipokelewi. Mama yake angekaa mbele yake asubuhi nzima akisikiliza kitabu, na jina la Hamani lingekuja wakati wowote, na mtu asiyesikia atajuaje?

Miaka yote Nona ndiye aliyewafundisha watoto wa sinagogi kutengeneza vya kupigia kelele, lakini familia nyingi zilikuwa zimehama nchi, na mwaka ule alibaki mtoto mmoja tu, Beni, mvulana mwenye miwani aliyekuja na mkoba wa rangi na gundi. Nona akamwambia Mama, "Lete batoto ya kwako." Ndivyo Merveille alivyokuja pia, akakanyaga zulia na viatu vyake, akauliza, "Nona, kwa hiyo tunatengeneza marakasi kama za kwaya?" Nona akasema njo vile, karibu sawa. Merveille hakuelewa. "Lakini kwetu tunamtikisia Mungu. Huyu Hamani ni mtu mbaya, kwa nini tumtikisie?" Beni akasema kwa Kiingereza kwamba si kumsifu, ni kumzomea. "Ah! Kumzomea!" Merveille akafurahi. "Hiyo naweza sharp."

Tulikusanya makopo ya maziwa ya unga na ya nyanya. Nona alikuwa na vidole vilivyopinda kama mizizi ya tangawizi, hakuweza tena kushika msumari, kwa hiyo alitumia midomo na macho. Tutoboe vizibo vya soda, tuvipitishe kwenye waya. Kingo za kopo zigongwe na kijiko zisikate mkono. Akamwambia Mama alete maharagwe, na Mama akakataa katakata. "Mama Reina, unisamehe. Chakula hakichezewi. Mimi nimeshalala na njaa." Nona hakubishana. Akatuonyesha dirishani sanduku la vifungo vya nguo vilivyobaki kutoka duka la baba yake, vya pembe, vya shaba, vya chaza, vifungo vya mashati ambayo hayakuwahi kushonwa, tukachota hivyo. "Hapana kujaza," akasema. "Ukijaza, hailii. Kopo inataka nafasi." Kila kopo likiisha, alilichukua, akaliweka kwenye taya, chini ya sikio, akalitikisa na macho yamefungwa. Beni alifikiri anayabusu. Mimi niliona anavyosikiliza kwa mfupa, na nikageuza uso.

Elie hakutaka vifungo. Alikaa mbali kidogo, na kila Merveille alipojaribu lake, mikono yake ilipanda masikioni. Hakuna aliyemlazimisha. Mwishoni alichukua kopo dogo la maziwa, akachimba kwenye mkoba wa Mama akatoa meshi, zile nywele za kusukia zilizobaki kutoka saluni, akazishindilia ndani, akashindilia kwa dole gumba mpaka hakukuwa na nafasi ya pumzi, akafunika, akaviringisha karatasi ya gundi. Halafu akalitikisa. Halikutoa kitu. Merveille akacheka mpaka akakaa chini. "Hamani atakufa kwa usingizi!" Elie akalipeleka kwa Nona kama walivyopeleka wengine. Nona akaliweka kwenye taya. Akatikisa. Akakaa muda mrefu kuliko kwa makopo yote, halafu akafumbua macho na kulifunga utepe mwekundu, vidole vikimsumbua. "Hii," alisema, "ni ya Nona."

Nilidhani ni huruma tu. Jioni ile tulikula mikate midogo aliyoelekeza Mama jinsi ya kuoka, yai zima la kuchemsha katikati na vipande vya unga vimepishana juu yake kama nondo za dirisha. "Yai njo Hamani," alituambia. "Eko ku prizo." Elie akamtoa Hamani gerezani kwa meno. Mama akaosha vyombo akiimba chini kwa chini wimbo wa kanisani, na Nona alimtazama mgongo kana kwamba anausikia.

Siku ya Purimu ilikuwa Jumapili, na Mama alimwambia mchungaji kwamba tunaumwa matumbo. Sinagogi ilikuwa ukumbi mdogo, viti vya mbao, feni inayozunguka kivivu, joto la Durban limeganda kama mafuta. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, na katikati ubao wa kimo cha kiuno. Danieli alikuwa ameshafika, mtu mrefu mwenye jasho, mwenye macho ya mama yake. Alikaa mahali ambapo angeweza kumwona. Nona alimweka Elie mbele yake, ukingoni mwa kiti, mimi na Merveille pembeni, akamwambia kitu kwa midomo tu, na Elie akaitikia. Msomaji akaanza kwa Kiebrania, haraka kama mnadani. Beni alikuwa amemfundisha Elie kulitambua lile jina. Na lilipokuja mara ya kwanza, kabla hata kelele haijaanza, Elie aliziba masikio. Nona akainua kopo lenye utepe mwekundu na kulitikisa, kwa wakati uleule na ukumbi mzima. Merveille, kwa mazoea ya kanisani, alipiga kigelegele kirefu cha bibi harusi, wazee wakageuka, mmoja akacheka mpaka kofia ikaanguka. Elie akashusha mikono. Nona akashusha kopo.

Nikaelewa yote kwa pamoja. Hakuwa akisikiliza kitabu. Alikuwa akimtazama Elie. Woga wa mdogo wangu ndio uliokuwa sikio lake. Na alichagua kopo lisilolia ili akikosea, akiinua mapema au akichelewa, kopo lisimsemee. Jina likaja tena, na tena, viganja vinapanda, utepe unacheza, viganja vinashuka. Danieli alimtazama mama yake na taratibu mabega yake yakalegea. Hata akatabasamu. Mama, aliyesimama karibu na mlango, alikuwa ameshika msalaba wake kwa ngumi, akakumbuka alipo, akauingiza ndani ya blauzi.

Walikuwa wamefika mahali ambapo Esta anasimama uani mwa mfalme bila kuitwa, Beni alituambia baadaye. Ukumbi ulikuwa kimya, wote wanasikiliza. Ndipo ng'ambo ya barabara mtu alipofungua duka lake, na mlango wa bati ukapanda juu kwa kishindo kile, kile chenyewe. Elie akaziba masikio na kuinama mpaka magotini. Nona akainua kopo akatikisa. Alitikisa kwa nguvu zake zote, anatabasamu, mkono mwembamba umenyooka juu, utepe unapepea, na hakuna kilichosikika isipokuwa feni. Msomaji akasimama. Vichwa vikageuka. Na kwa kuwa Elie hakushusha mikono, Nona hakushusha mkono wake. Alitikisa, akatikisa. Nilimshika Elie vifundo vya mikono, nikamvuta, nikamwambia kwenye nywele zake, ni duka tu, Elie, ni duka, na alikuwa mgumu kama jiwe. Nilipofaulu kuvishusha viganja vyake, Nona aliacha. Akatazama nyuso zetu. Nyuso zote zilikuwa zinamtazama yeye. Akalilaza kopo mapajani, akalifunika kwa mikono miwili kama unavyomziba mtoto mdomo. Danieli alikuwa ameshafika kwenye ubao. Alisema neno moja tu, "Mama," lakini kwa kuwa alikuwa amejifunika uso kwa mkono, Nona hakuliona.

Mchana ule nilikaa jikoni kwenye fleti na Elie juu ya mapaja yangu, ingawa alikuwa mzito kwa mambo hayo, tukasikia mazungumzo ya sebuleni. Danieli hakupiga kelele. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi. "Ulijua?" alimuuliza Mama. "Nilijua." "Kwa nini hukuniambia?" "Haukuniuliza kama anasikia," Mama akasema. "Kila wiki uliniuliza kama anakula. Nikakwambia anakula." Halafu nikamsikia yule mtu mzima akipumua kama mtu aliyepanda ngazi. "Jiko likiwaka moto," akasema, "mwizi akivunja mlango, yeye atakuwa amelala. Ungefanya nini, kama ni mama yako?" Mama mzazi wa Mama alikufa Lubumbashi sisi tukiwa huku.

Fleti ikauzwa, na siku ya Nona kuondoka kwenda Australia Elie alikataa kwenda kumuaga. Alisema yeye ndiye aliyemfukuza Nona. Tulimbeba. Fleti ilikuwa masanduku tu, na pale mapazia yalipoondolewa mwanga ulikuwa mwingi mno, kuta zina alama za picha. Nona alimsimamisha mbele yake, akamshika kidevu ili midomo yao ionane. "Elie. Juu ya nini uliziba masikio?" "Bati," Elie akasema. "Iko kelele mingi, ile bati?" "Iko mingi." Nona akaitikia kwa kichwa. "Basi ulifanya muzuri. Hata mi ningeziba." Halafu akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza akaniambia kile ambacho wote wananiambia, lakini kwa maana nyingine. "Solange, we usiseme juu. Sema mbele. Geuza uso kwa muntu, halafu sema." Alisafiri na lile kopo kwenye mkoba wa mkononi. Mama aliyemsindikiza uwanja wa ndege alisema walinzi walilitikisa, wakatazamana, wakalirudisha.

Kule hakuwa maiti inayopumua. Alikuwa kitu cha katikati. Danieli, na hili nampa, alitupigia kwa video kila mwezi. Kule hakukuwa na midomo inayosema Kiswahili ya kuisoma, alisema Nona, kwa hiyo anakitunza kwa ajili yetu. Kila mwaka kilishuka kidogo. Mwishoni ilikuwa bukari, batoto, njaa. Lakini Elie alikuwa na mchezo naye. Alikaa mbele ya simu, akangoja, kisha ghafla akaziba masikio, na upande wa pili wa dunia mkono mwembamba ukapanda na utepe, uliokuwa umeshachujuka, ukatikisika. Elie anashusha, Nona anashusha. Walifanya hivyo hata alipokuwa hatukumbuki majina. Mikono ilikumbuka.

Hatuna kaburi la kwenda. Jumapili iliyofuata ujumbe wa Danieli tulikaa nyumbani, Mama akapika bukari na sombe ya majani ya muhogo, sahani ya nne akaiweka mezani bila kusema ni ya nani. Elie ana miaka kumi sasa, miguu mirefu, sauti inaanza ujeuri. Hakula. Aliinuka akachukua kopo la maziwa lililokuwa linakaa chumvi, akamwaga chumvi kwenye bakuli, akalifuta, akaanza kutafuta droo kwa droo kitu cha kutia. Vifungo hatuna. Mama alimtazama. Akafungua kabati, akatoa mfuko wa maharagwe, akamimina mwenyewe, kwa mkono, akaacha kabla kopo halijafika nusu. "Hapana kujaza," alisema.

Elie akalifunika akatoka nalo kwenye kibaraza. Chini yetu Albert Park ilikuwa inapiga kelele zake za Jumapili, teksi zinapiga honi kwenye robot, zile taa za barabarani, kwaya mbili zinashindana. Alisimama kidogo. Halafu mdogo wangu, ambaye mpaka leo anatoka chumbani mtu akipasua puto, akainua mkono na kulitikisa lile kopo kwa nguvu zote, karibu kabisa na kichwa chake mwenyewe, macho wazi, machozi yanashuka, hakuziba, akatikisa mpaka Merveille akatoa kichwa dirishani kwake, akafungua mdomo aseme kitu, akatuona, akaufunga.

Na mimi nikatoka nikasimama mbele yake, nikageuza uso kuelekea juu ya mapaa, nikaziba masikio kwa viganja viwili, ili kama Nona yuko mahali anatutazama, ajue ni wakati wa kutikisa.